Mbele ya kuuzisha vitu vya muzee, tuvihesabu kwanza

Mwezi wenye ulipita mwenzetu mumoja, mujane wa hapa Kolwezi, alituita kwake. Bwana yake alitumika miaka mingi mu kazi ya mukuba, na kila mara yenye alipata franga kidogo alikuwa ananunua vitu vya zamani: misalaba ya mukuba, vinyago, viti vya wakubwa wa Waluba, picha za kuchorwa, malakiti. Chumba kizima kilijaa. Masomo inakaribia kufunguliwa, watoto wane wanangojea minervali, na muuzishaji mumoja alikuwa amekuja mara mbili: "Mama, nipatie vyote, ninalipa leo." Alikuwa amekwisha kuenda na misalaba tatu, eti ataionyesha rafiki yake. Mupaka leo hatujaiona.

Tulimuambia mama: usikubali bei yoyote mbele ya kuhesabu.

Tulihesabu siku mbili za posho. Kaye moja, kalamu, telefone ya foto, mizani ya soko. Kila kitu kilipata namba yake kwenye karatasi yenye kufungwa na kamba, hapana wino, hapana kole. Tuliandika urefu, uzito, na pahali kilipasuka. Mumoja wetu (hatutataja jina, anajijua) alikuwa amekwisha kuleta ndimu na majivu ili kungarisha misalaba. Tulimuzuia! Rangi ile ya uzee njo yenye mununuzi anatafuta. Ukiiondoa, umeondoa bei.

Kisha tukapigia simu ndugu wa marehemu, juu yeye alikuwa anamusindikiza mu safari. Kiti hiki kilitoka wapi? Nani alikiuzisha? Mwaka gani? Kazi hiyo ilitushinda usingizi, lakini njo yenye iko na faida kupita zote. Mu 1973 na 1974 kule Lubumbashi, muchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi yetu kwa picha 101. Johannes Fabian hakununua picha tu: alimuomba aeleze kila moja kwa Kiswahili chetu hiki, na akatia sauti yake kwenye bande. Leo picha ziko Amsterdam, na watu wanazisoma juu maneno yake yalibakia pamoja nazo. Picha bila habari ni kitambaa chenye rangi. Kwa mama tulikuta picha kumi na moja zenye jina la muchoraji chini, hizo hatutazitenganisha.

Misalaba, ni jambo lingine. Wababu walikuwa wanayeyusha mukuba na kuimwanga mu umbo la musalaba, na watu walinunua nayo kama makuta. Mu makaburi ya zamani ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbaji wa historia walikuta midogo juu ya mifupa. Lakini iko mingi duniani, na mingine inafanywa hata leo. Musalaba mumoja hautajenga nyumba.

Kuko tena sheria. Tangu tarehe 15 mwezi wa 3, 1971, kuko sheria (namba 71-016) yenye kulinda vitu vya zamani vya inchi: kuvipeleka inje kunaomba ruhusa ya serikali. Mununuzi wa Brussels ao Paris mwenye akili ataomba karatasi hiyo. Mwenye haiombi, mumuogope. Juu ya hiyo mama aliamua kuonyesha kaye kwa watu wa muzee ya taifa ya Lubumbashi mbele ya kuitikia mugeni yeyote.

Na familia ya bwana? Walikuja, ndiyo, na kelele kidogo. Tuliwasomea Kode ya Familia ya 1987: watoto njo warizi wa kwanza, na sehemu yao ni tatu kwa ine za mali. Wajomba walikaa kimya, kisha wakaomba chai. Kila mutu mukubwa alitia sahihi kwenye kaye.

Sasa namna ya kuuzisha. Minervali haingojee, kwa hiyo tulianza na malakiti, juu haina mashaka: ilienda moja moja, kwa wanunuzi watatu tofauti, na kila mumoja aliandika bei yake bila kuona ya mwenzake. Bei ya wa tatu ilipita ya wa kwanza mara mbili. Watoto wawili wamelipiwa. Wengine wawili, likelemba yetu imekopesha mama mupaka mwezi wa 12, asije kukimbiza picha kwa sababu ya haraka.

Yule muuzishaji alirudia tena. Mama alimuonyesha kaye na kumuuliza misalaba namba 1, 2 na 3 iko wapi.

Kinyago kimoja cha Watchokwe, Mwana Pwo, sura ya binti muzuri, hakina namba ya kuuzisha. Binti yake mukubwa alikiomba.