Nambari ya Simu Unayoachia Kliniki Ina Kazi Gani?

Kila mama anayeanza kliniki ya wajawazito huulizwa nambari ya simu. Swali hilo huja pamoja na jina, kijiji na tarehe ya hedhi ya mwisho, na wengi hulijibu haraka ili waondoke kwenye foleni. Mmoja hutoa nambari ya mume, mwingine ya mama mkwe, mwingine ya laini aliyoacha kutumia zamani. Wapo pia wanaokataa kuitoa kwa kuogopa kusumbuliwa. Kwa wakazi wa Boito na maeneo mengine ya Konoin, ni vyema kujua kwa nini nambari hiyo inaulizwa, utafiti umeonyesha inasaidia wapi, na wapi haisaidii.

Tuanze na chanjo za watoto. Kati ya mwaka wa 2013 na 2014, watafiti waliandikisha watoto wachanga kutoka vijiji 152 katika Kaunti ya Siaya. Vijiji viligawanywa kwa kura katika makundi manne. Kundi la kwanza halikutumiwa chochote. La pili lilitumiwa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha wazazi tarehe ya chanjo. La tatu lilipata ujumbe na shilingi 75 kwa simu kila mtoto alipochanjwa kwa wakati, na la nne ujumbe na shilingi 200.

Watoto walipotimiza miezi 12, katika kundi ambalo halikutumiwa chochote asilimia 82 walikuwa wamepata chanjo zote. Walipotumiwa ujumbe peke yake walikuwa asilimia 86, na vivyo hivyo kwa wale wa shilingi 75. Kundi la shilingi 200 lilifika asilimia 90. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2017, na watafiti walisema wazi kwamba ni kundi la shilingi 200 pekee lililoonyesha tofauti ambayo haiwezi kuelezwa kwa bahati tu.

Yeyote aliyewahi kushuka kutoka mlimani msimu wa mvua akiwa na mtoto mgongoni hatashangaa. Kumbusho humfaa mama aliyesahau. Mama anayeijua tarehe vizuri lakini hana nauli ya bodaboda, au ambaye siku hiyo ndiyo zamu ya kuchuma majani chai na kuyafikisha kituoni kabla gari halijaondoka, tatizo lake si kusahau.

Zanzibar nako kulipatikana jambo la aina hiyo. Mwaka wa 2009 na 2010, wajawazito 2,550 waliohudhuria vituo 24 vya afya walishiriki katika utafiti. Nusu ya vituo hivyo viliwatumia akina mama ujumbe wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua, na kuwapa muda wa maongezi wa kumpigia mhudumu wa afya. Katika vituo hivyo, akina mama 60 kati ya 100 walijifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi. Kwingine walikuwa 47. Waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi walikuwa asilimia 44, dhidi ya 31.

Hata hivyo, kwa upande wa kujifungua, manufaa hayo yalionekana kwa wanawake wa mjini. Kwa wale wa mashambani hayakuonekana. Tungeweza kuliacha jambo hili nje ya makala, lakini Boito si mjini, na hakuna haja ya kuwaambia wakazi kwamba simu itafupisha barabara. Mama wa huku anahitaji ujumbe, na pia anahitaji mpango: nani atambeba usiku, fedha ziko wapi, nani atabaki na watoto. Kazi kubwa ya ujumbe wa kliniki ni kuifanya familia ipange mapema.

Kuna njia nyingine ambayo simu imesaidia watoto bila mzazi kutumiwa chochote. Katika vituo 107 vya mashambani, pwani na magharibi mwa Kenya, ujumbe ulitumwa kwa wahudumu wa afya wenyewe, mara mbili kwa siku kwa miezi sita, kuwakumbusha hatua za kumtibu mtoto mwenye malaria. Kiwango cha watoto waliotibiwa inavyotakiwa kilipanda kwa takriban pointi 24 za asilimia, na miezi sita baada ya ujumbe kukoma bado kilikuwa juu. Ilichapishwa mwaka wa 2011. Kumbe hata aliyesomea kazi hufaidika akikumbushwa.

Na si lazima ujumbe uwe mrefu. Nairobi na Kajiado, kuanzia mwaka wa 2007, wagonjwa waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya HIV walitumiwa neno moja tu kila wiki: “Mambo?” Walijibu “Sawa” au “Shida”. Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Waliozingatia dawa walikuwa asilimia 62, wakati wale ambao hawakuulizwa walikuwa asilimia 50. Wengi wa washiriki hao walikuwa wanawake. Kwa maoni yetu, huu ndio mfano bora kuliko yote, kwa sababu upande wa pili wa simu kulikuwa na mtu.

Hapa kwetu mtu huyo wa kwanza ni mhudumu wa afya ya jamii, CHP kama wengi tunavyomwita. Tangu Septemba 2023, wahudumu hawa kote nchini wamekuwa wakipewa simu zenye programu ya kuandikisha familia, kufuatilia wajawazito na watoto, na kumwelekeza mgonjwa kituoni. Programu hiyo huhifadhi taarifa hata pasipo na mtandao, kisha huzituma unapopatikana. Kwa hiyo ukimwona CHP akibonyeza simu huku mnaongea, usidhani amekupuuza.

Taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Una haki ya kuuliza zitatumika vipi, na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Kama hutaki habari za ujauzito zisomwe na mtu mwingine, mwambie muuguzi kabla hajaandika nambari ya simu mnayotumia wawili. Hakuna mhudumu wa afya anayehitaji PIN yako ya M-Pesa. Anayeiuliza ni mwizi.

Na usisubiri ujumbe wala jibu la ujumbe ukiona damu inatoka, kichwa kinauma sana, macho yanaona kiwi, uso na mikono imevimba, chupa imevunjika, una degedege, au mtoto ameacha kucheza tumboni. Nenda kituo cha afya mara moja, usiku au mchana. Vivyo hivyo kwa mtoto mchanga asiyenyonya, anayepumua kwa haraka, mwenye joto jingi au aliye baridi kuliko kawaida.

Ukibadilisha laini, taja nambari mpya unapohudhuria kliniki tena na uhakikishe imeandikwa pia kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Asiye na simu anaweza kutoa nambari ya mtu anayemwamini, mradi mtu huyo ameambiwa mapema kwamba ujumbe utakuja na ni wa nani. Na kama hakuna mtu kama huyo, mwambie CHP wa kijiji chako siku ya kliniki inayofuata, naye atapita nyumbani.