Kaktasi ya Krismasi Isiyotaka Kuchanua



Mama mmoja wa hapa Sarang'ombe alinisimamisha njiani akaniuliza, "Madam, hii maua yangu ni ya majani tu?" Alipewa kipande chake mahali alipokuwa akifua nguo. Miaka mitatu, hakuna ua hata moja. Na kikundi chao kilikuwa kimeotesha miche 30 kutoka kwake ili kiuze. Wanunuzi wanaangalia majani, wanapita. Sasa wengine walitaka pesa za kikundi zinunue mbolea ya dukani.

Niliwaomba wangoje kwanza. Nilienda kwake jioni. Kumbe mlango wake unatazamana na taa ya mulika mwizi! Saa mbili usiku ungeweza kusoma gazeti pale nje.

Mmea huu asili yake ni milima ya Brazili, karibu na Rio de Janeiro, ambako huota juu ya miti na kwenye nyufa za mawe. Hutunga maua usiku ukiwa mrefu na wenye baridi. Nairobi iko karibu na ikweta, usiku wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hivyo tunategemea sana baridi ya Juni hadi Agosti. Usishangae basi ikichanua mwezi wa nane na Krismasi bado iko mbali. Lakini ukiimulika usiku kucha, inaweza kukaa majani tu, hata uiwekee mbolea gani.

Dawa yake ilikuwa katoni. Kila jioni saa kumi na mbili mama aliifunika, asubuhi saa mbili akaifunua, kwa muda wa wiki sita. Vichipukizi vya maua vikatokea kwenye ncha. Kwa furaha akaingiza mkebe ndani wageni wauone, akauweka kando ya jiko la makaa. Vyote vikaanguka! Moshi na hewa ya jiko au stovu huangusha maua machanga, hata ndizi zinazoiva hufanya hivyo. Na ikishatunga, usiihamishehamishe. Alirudia msimu uliofuata, akaiacha nje chini ya paa, ikachanua.

Maji ndiyo huua mingi. Watu husikia "kaktasi" wakafikiri ni ya jangwani, wengine nao wanaimwagilia kama sukuma wiki. Tia kidole: udongo ukikauka juu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Maji ya kuoshea mchele yanafaa, ya sabuni hapana. Toboa mkebe mashimo. Udongo mweusi unaoshika maji haufai. Changanya udongo mwekundu, mchanga, samadi iliyooza na vipande vidogo vya makaa. Jua la asubuhi linatosha. Lile la mchana likiakisiwa na mabati litaichoma.

Kuotesha ni rahisi. Zungusha kwa mkono kipande chenye pingili mbili au tatu, kikauke kivulini siku moja au mbili, kisha ukizike inchi moja. Baada ya wiki tatu au nne kitakuwa na mizizi. Watoto wakiigusa si hatari, tofauti na mnyaa wa ua ambao utomvu wake huumiza macho.

Kikundi hakikununua mbolea. Miche yao sasa inafunikwa kwa zamu, na wameamua kuuza ile tu ambayo ua la kwanza limeshafunguka, maana ukibeba yenye vichipukizi vichanga kwenye matatu hadi Kawangware, utafika na majani.