Fahamu: Uti wa mgongo kwa vichanga, usingoje shingo ikakamae

Wazazi wengi wakisikia homa ya uti wa mgongo hufikiria shingo iliyokakamaa. Kwa mtoto mkubwa dalili hiyo husaidia, lakini kwa kichanga inaweza isionekane kabisa. Yeye hukataa kunyonya, hulia kilio chembamba kisichobembelezeka, hulegea, utosi huvimba, na mara nyingine mwili huwa baridi badala ya kuchemka. Akipata degedege, apelekwe hospitali saa ileile. Wapo watakaosema kipimo kimeonyesha malaria, basi jibu limepatikana. Sivyo: penye malaria nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea damuni huku kinachomuua ni bakteria walioshambulia utando wa ubongo. Ndiyo maana daktari huomba kuchukua maji ya mgongo. Hofu kwamba sindano hiyo hulemaza inaeleweka, ila huchomwa chini ya pale ugwe wa mgongo unapoishia. Kinachoacha watoto viziwi ni ugonjwa wenyewe, hasa dawa ikichelewa.

Chanjo dhidi ya ugonjwa huu zimethibitika. Kenya ilianza kutoa ya bakteria aitwaye Hib mwaka 2001, na huko Kilifi maradhi makali ya bakteria huyo kwa watoto wa chini ya miaka 5 yalishuka kwa asilimia 88 ndani ya miaka michache. Ya bakteria mwingine, nimokoka, ikafuata 2011. Lakini hazizuii bakteria wote, hasa wale ambao kichanga huwapata wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo kadi ya kliniki iliyojaa si sababu ya kungoja asubuhi.