Ramani ndiyo kodi

Marehemu baba alituachia kiwanja cha futi 50 kwa 100. Ndugu zangu wataka nyumba ya Kiswahili ya kupangisha: ukumbi katikati, vyumba 10, choo kimoja uani.

Mimi niliwahi kupanga Landless, Thika. Dirisha la chumba changu cha kwanza lilitazama korido, giza mchana kutwa, nikahama. Cha pili kilikuwa na choo na jiko ndani. Nikalipa zaidi, nikakaa miaka minne.

Tuseme vyumba 10 kwa shilingi 4,000: ni 40,000. Vyumba 7 vyenye choo na jiko, kwa 7,000: ni 49,000. Ujenzi utagharimu zaidi, ila vyoo vikipeana mgongo, mabomba hupungua. Mpangaji apata stara, nasi kodi. Kabla ya kumwita fundi, tukae na ramani.