Picha za Ubongo na Ugonjwa wa Akili

Kijana anamaliza shule akiwa mzima, anasaidia nyumbani, anacheza mpira na wenzake. Halafu akifika miaka kumi na tisa au ishirini anaanza kujitenga. Usiku anaongea peke yake. Anasema kuna watu wanamsema, ati hata redio inataja jina lake. Kabla mwezi haujaisha kijiji kizima kimeshajua sababu: amerogwa na jirani, ama mama yake alimlea vibaya. Na mara nyingi ni huyo huyo mama anayebaki na mizigo miwili, wa kumtunza mtoto na wa kulaumiwa.

Ugonjwa huu madaktari huuita skizofrenia. Sisi wengi tunasema wazimu tu, na jina hilo halimsaidii mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unampata karibu mtu 1 kati ya 300. Hesabu hiyo ukiileta kwenye lokesheni yenye watu elfu kumi na tano, unapata wagonjwa kama hamsini. Basi si jambo la boma moja lililolaaniwa.

Msidhani kwamba kumlaumu mama ni ujinga wa vijijini peke yake. Mwaka 1948 huko Marekani daktari mashuhuri wa magonjwa ya akili, Frieda Fromm-Reichmann, aliandika kwamba mgonjwa wa namna hii kwa kawaida alikataliwa alipokuwa mtoto mdogo, hasa na mama yake. Wasomi waliliamini neno hilo kwa miaka mingi. Akina mama walikaa mbele ya madaktari wakitafutiwa kosa walilomkosea mtoto. Wazungu nao walikuwa na uchawi wao.

Kilichoanza kubadilisha mambo ni mashine. Mwaka 1971 mjini London mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT, inayotumia eksirei kuonyesha kichwa vipande vipande kama mkate uliokatwa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1976, Eve Johnstone, Tim Crow na wenzao huko huko Uingereza waliwapiga picha wagonjwa 17 waliokuwa wameugua skizofrenia kwa miaka mingi. Ndani ya ubongo wa kila mtu kuna vyumba vidogo vyenye maji. Kwa wagonjwa hao vyumba hivyo vilikuwa vikubwa kuliko vya watu wazima wa afya. Yaani nyama ya ubongo imepungua na maji yamechukua nafasi yake. Fikiria njugu iliyonywea ndani ya ganda: nje huoni kitu, lakini ukitikisa unasikia nafasi.

Mtu aliyeifanya kazi hii kwa muda mrefu na kwa uvumilivu mkubwa ni mama mmoja Mmarekani, Nancy Andreasen, wa Chuo Kikuu cha Iowa. Hakuanza kama daktari. Alikuwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza, tena mwenye shahada ya juu kabisa. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza katika miaka ya 1960 alipata maambukizi makali, ya namna iliyokuwa ikiua wazazi wengi kabla ya penisilini. Akapona. Akajiuliza kama kazi yake ya vitabu ingeweza kuokoa mtu kama yeye alivyookolewa, akarudi darasani kusomea udaktari, akamaliza mwaka 1970. Mwaka 1984 alitoa kitabu kiitwacho The Broken Brain, kuwaeleza watu wa kawaida kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa wa kiungo, kama ule wa moyo au figo. Mwaka 1986 yeye na wenzake walikuwa kati ya wa kwanza kupima ubongo wa wagonjwa wa skizofrenia kwa mashine ya MRI. Hiyo haitumii eksirei. Unalazwa ndani ya sumaku kubwa yenye kelele nyingi, nayo inachora ubongo vizuri zaidi kuliko CT.

Mwaka 1990 watafiti wengine wa Marekani walifanya jambo ambalo mimi naona ni rahisi kueleweka hata barazani. Walitafuta jozi 15 za mapacha wanaofanana kabisa, mmoja mgonjwa na mwenzake mzima. Damu ni moja, tumbo ni moja. Wakatazama picha bila kuambiwa mgonjwa ni yupi. Katika jozi 12 kati ya 15 waliweza kumtambua kwa macho tu, kwa vile vyumba vya maji. Sasa mama aliyezaa pacha hao alimlea vibaya mmoja peke yake?

Hata sauti ambazo wagonjwa husikia zimefuatiliwa. Mwaka 1993 watafiti wa London waliona kwamba mgonjwa anaposikia sauti, damu huongezeka katika sehemu ile ya ubongo tunayoitumia kutengeneza maneno. Kwa hivyo kijana anayesema anasikia watu hadanganyi. Anasikia kweli, ila maneno yanatoka ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Hapa lazima tuseme wazi, kwa sababu kuna watu wanaouza ng'ombe ili mtoto apelekwe mjini kupigwa picha. Tofauti hizi ni ndogo, na zinaonekana ukilinganisha kundi na kundi. Wagonjwa wengi wana ubongo ambao kwenye picha ni sawa na wa mtu mwingine yeyote. Mpaka leo hakuna daktari anayeweza kuangalia picha peke yake na kusema huyu ana skizofrenia. Daktari huujua ugonjwa kwa kuongea na mgonjwa na watu wa nyumbani. Picha huhitajika pale anaposhuku jambo lingine, kama uvimbe, kuumia kichwa, au kifafa kilichoanza ghafla. Asipoiagiza, ng'ombe abaki zizini.

Turudi kwa Andreasen, maana sehemu inayotuhusu zaidi ndiyo hii. Hakupiga picha mara moja na kwenda zake. Yeye na wenzake waliwafuata wagonjwa tangu walipoanza kuugua, wakiwapiga picha tena na tena. Mwaka 2011 walitoa matokeo ya wagonjwa 211 waliofuatwa kwa wastani wa miaka 7, na baadhi yao hadi miaka 14. Ubongo ulikuwa ukipungua polepole. Lakini waligundua jambo lingine ambalo halikuwafurahisha: waliotumia dawa nyingi zaidi walipungukiwa zaidi. Andreasen alikuwa amekaa na habari hiyo kwa muda kabla ya kuitoa, akitaka uhakika, na akiogopa kwamba watu wanaohitaji dawa wataziacha. Hofu yake ilikuwa ya haki. Kuna mtu atasoma mpaka hapa kisha aende kutupa vidonge chooni.

Asifanye hivyo kabla hajasoma matokeo ya mwaka 2013. Safari hii waliangalia ugonjwa unaporudi. Waliona kwamba idadi ya mara ugonjwa uliporudi haikuhusiana na kupungua kwa ubongo. Kilichohusiana ni urefu wa muda ambao mgonjwa alikaa katika hali hiyo. Ugonjwa ukirudi na kuachwa miezi mingi, hasara ni kubwa zaidi. Kwa hivyo shauri lao lilikuwa kwamba ugonjwa uzuiwe usirudi, lakini kwa kiasi kidogo kabisa cha dawa kinachotosha kuutuliza. Kiasi hicho hakipimwi nyumbani. Anayetetemeka mikono, anayelala mchana kutwa au kunenepa kupita kiasi kwa sababu ya dawa amwambie daktari, apunguziwe au abadilishiwe. Akiacha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi, na ukirudi akiwa amefungwa kamba nyuma ya nyumba, hakuna anayehesabu siku.

Kuhesabu siku, basi, ni kazi ambayo kikundi kinaweza kufanya bila pesa nyingi. Familia yenye mgonjwa iwe na daftari. Aandikwe alianza lini kukosa usingizi, lini kukataa chakula, lini kusema anasikia sauti, na dawa ziliisha tarehe gani. Dalili hizo kwa kawaida huja siku kadhaa kabla mambo hayajaharibika, na ndani ya siku hizo kijana bado anakubali kupanda matatu na shangazi yake. Kikundi kinaweza kuweka kando nauli ya kwenda kliniki na kurudi, ya watu wawili, isiyoguswa kwa jambo lingine. Na mwende na lile daftari. Daktari akiona tarehe zimeandikwa, anajua aanzie wapi.