Bei ya Kupimiwa

Bidhaa ghali kuliko zote katika maduka mengi ya mitaani Afrika Mashariki ni zile zinazolipiwa kwa sarafu. Mafuta ya kula ya kupima, sukari ya robo, majani ya chai ya kipakti, sabuni ya unga ya kifuko, mkaa wa kopo: kila kimoja kina bei ndogo, na kwa hiyo kinanunulika hata siku ambayo mfuko umekauka. Ughali wake umo ndani ya kipimo, mahali ambapo wanunuzi wachache hupiga hesabu. Kenya biashara hii inaitwa kadogo. Tanzania husemwa tu kwamba mtu ananunua vya kupima.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme lita ya mafuta inauzwa shilingi 6,000 za Tanzania, na muuza duka anapima mililita 50 kwa shilingi 500. Vipimo ishirini vya namna hiyo ndiyo lita moja, na lita hiyo ikiisha itakuwa imeingiza shilingi 10,000. Wanunuzi wawili wamekula mafuta ya dumu moja, ila mmoja ameyalipia theluthi mbili zaidi. Bei hupanda na kushuka kwa msimu, lakini pengo hilo halikosekani, na huwa kubwa zaidi kadiri kipimo kinavyokuwa kidogo.

Lawama za kwanza humwangukia mwenye duka, na mara nyingi si haki. Kupima kuna gharama zake. Mafuta yanabaki kwenye faneli na kwenye kikombe cha kupimia, sukari inamwagika, mifuko ya kufungia inanunuliwa, na mteja wa shilingi 500 anachukua muda uleule wa mteja wa shilingi 6,000. Juu ya hayo kuna daftari la madeni, ambalo kila mtaa unalo na si kila ukurasa wake unalipwa. Anayelipa taslimu husaidia kufidia asiyelipa. Zaidi ya hapo, mwenye duka mwenyewe mara nyingi si mnunuzi mkubwa: amechukua katoni mbili kwa wakala, aliyechukua kwa msambazaji, na kila mkono umeshakata chake.

Kwenye vipimo, hata hivyo, wauzaji hawawezi kuachiwa bila swali. Vibaba na pishi vya zamani vimepisha makopo ya viwandani: Tanzania kuna sado, ndoo ndogo ya rangi iliyogeuka kipimo cha viazi, nyanya na mkaa, Kenya kuna gorogoro, kopo la bati linalohesabiwa kuwa kilo mbili za mahindi au maharage. Kopo lililobonyezwa kitako bado linaitwa gorogoro na bado linauzwa kwa bei ya gorogoro. Sado ya mkaa hupangwa kwa ustadi, vipande vikubwa vikiachiana nafasi, na mteja anarudi nyumbani na hewa aliyoilipia. Upande wa shamba mambo yamepinduliwa: mkulima anadaiwa lumbesa, gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kilemba juu, kwa bei ya gunia la kawaida, ingawa sheria za vipimo za Tanzania na Kenya zinakataza. Kwa hiyo viazi vilevile vinanunuliwa kwa kipimo kilichofura na kuuzwa kwa kipimo kilichonywea. Faida ya katikati haionekani kwenye bei yoyote iliyoandikwa.

Fungu la nyanya lina mbinu yake. Nyanya zikiadimika sokoni, bei ya fungu hubaki palepale na nyanya ya tano huondolewa. Andazi hufanya vivyo hivyo, na baadhi ya viwanda hupunguza gramu za sabuni au biskuti bila kugusa bei wala sura ya pakiti. Mazoea ya bei zisizo na chenji yanachangia: mteja amezoea kutoa 500 au 1,000, na muuzaji anaona ni afadhali kupunguza kitu kuliko kudai 580 na kutafuta chenji.

Mnunuzi wa kidogo kulipa zaidi si jambo la Afrika Mashariki peke yake. Mwaka 1963 mwanasosholojia wa Marekani David Caplovitz alichapisha kitabu, *The Poor Pay More*, kilichoonyesha jinsi familia za kipato cha chini mjini New York zilivyouziwa fanicha na vyombo vya umeme kwa bei za juu na kwa mikopo ya kuumiza. Mwaka 2002 watafiti C. K. Prahalad na Allen Hammond walilinganisha mitaa miwili ya Mumbai: Dharavi, mtaa wa mabanda, na Warden Road, mtaa wa wenye uwezo. Katika mchele tofauti ilikuwa ndogo. Katika maji, mkazi wa Dharavi alilipa mara 37 ya bei ya Warden Road.

Maji yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hapo ndipo mzoea kulipa kidogo kidogo anapoumia zaidi. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Mtaa usio na bomba ukinunua dumu kwa shilingi 100 tu za Tanzania, tayari uniti imefika shilingi 5,000; dumu likiwa 300 au 500, kama inavyotokea mabomba yakikauka na mikokoteni ikaanza kazi, uniti inakuwa 15,000 hadi 25,000. Mwenye bomba ndani ya nyumba hulipa sehemu ndogo ya fedha hizo, na haamki alfajiri kupanga foleni. Hapa kipimo kidogo kimekutana na ukosefu wa njia nyingine, ugonjwa uleule unaowapata abiria wa mabasi ya mikoani pale basi linaposimama dakika chache kwenye hoteli moja tu ya njiani, ambapo sahani ya chipsi ina bei ya kushangaza na hakuna pa kwenda.

Kifuko kidogo, hata hivyo, si lazima kiwe ghali. India ilithibitisha hivyo kwa shampuu. Chik, iliyoanza kuuzwa mwaka 1983, ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizojenga soko la vifuko, na kampuni nyingi zilipoingia kugombea mteja huyohuyo, shampuu ya kifuko ilifika mahali pa kuwa rahisi kuliko ya chupa kwa kila mililita. Ushindani ulifanya kazi ambayo mawaidha yasingefanya.

Fedha nazo hununuliwa kwa kipimo. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanzishwa Kenya mwaka 2012 na Safaricom pamoja na benki ya CBA, mkopo wa siku 30 ulitozwa ada ya asilimia 7.5. Anayekopa na kulipa mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima hufikisha asilimia 90 ya kiasi alichokuwa akikopa. Mwaka 2016 sheria ya Kenya iliweka kikomo cha riba za benki, asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, takribani 14 kwa mwaka wakati ule. Ada ya mkopo wa simu iliendelea kama kawaida, kwa kuwa kwenye makaratasi ni ada, haiitwi riba. Kikomo chenyewe kiliondolewa mwaka 2019.

Ada za kutuma na kutoa pesa kwa simu hupangwa kwa madaraja, na anayetuma kiasi kidogo hukatwa asilimia kubwa kuliko anayetuma mamia ya maelfu. Tanzania iliongeza tozo ya serikali juu ya ada hizo Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba ilipunguzwa kwa asilimia 30 kabla ya Oktoba. Kenya ilionyesha upande wa pili: tangu Machi hadi Desemba 2020, wakati wa Korona, kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulikuwa bure.

Vifurushi vya intaneti vina hila tofauti kidogo, maana kifurushi cha siku kinaweza kuwa na bei nzuri kwa kila MB. Kinachokula fedha ni saa. MB zisizotumika muda ukiisha hupotea, na mteja hununua tena kesho kitu ambacho jana hakukimaliza. Aprili 2021 kampuni za simu Tanzania zilipobadilisha vifurushi kufuata kanuni mpya, wateja waliona bei zimeruka, na serikali ikasitisha utaratibu huo mara moja.

Umeme wa Tanzania ndiyo huduma inayokwenda kinyume. Mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi amekuwa akilipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na inayozidi hapo shilingi 350. Kwa maneno mengine, anayetumia kidogo analindwa na sera. Ulinzi huo una tundu moja kubwa: nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Kila mpangaji anatumia taa mbili na feni, lakini mita inawahesabu kama mtu mmoja, uniti 75 zinaisha mapema, na wote wanahamia bei ya juu. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo pia hukatwa kupitia LUKU, hivyo mpangaji anaponunua umeme huanza kumlipia mwenye nyumba, na kurudishiwa ni suala la maelewano.

Dawa zinazofanya kazi ni za kawaida kabisa. Mashine za maziwa zilizoenea miji ya Kenya humpimia mteja kwa fedha aliyonayo, kwa bei ya lita iliyo chini ya ile ya pakiti, kwa kuwa gharama ya kufungashia haipo. Wanawake wa kikundi wanaochanga na kununua gunia la mchele, kisha kuligawana kwa mizani, hupata bei ya gunia kila mmoja. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 1998, unataka bei ya kilo au lita iandikwe pamoja na bei ya pakiti, ili mlaji alinganishe bila kalamu. Kwa duka la kupima, bei iliyoandikwa haitoshi mpaka kuwe na mizani iliyokaguliwa juu ya kaunta. Mnunuzi asiyeiona ana haki ya kuiulizia, na anayeuziwa kwa kopo anaweza kuanza kwa kulipindua na kutazama kitako chake.