Fahamu: Je, Kibera inapungua watu?

Vijiji vilivyobomolewa
Julai 2018, matingatinga yalibomoa nyumba, shule na makanisa Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Watu wapatao 30,000 walihama. Mabati na mbao viliokolewa ili kujengea kwingine. Wengine walitafuta vyumba mitaa mingine.

Milioni moja iko wapi?
Kwa miaka mingi tuliambiwa Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu takriban 170,000. Hao wengine hawakuhama. Huenda hawakuwahi kuwepo, ingawa wanaharakati waliipinga hesabu hiyo.

Mahame ya Aktiki
Kuna mahali palipohamwa kweli: Pyramiden, mji wa makaa ya mawe katika visiwa vya Svalbard, Aktiki, ulihamwa 1998 mgodi ulipofungwa. Majengo bado yamesimama. Lakini Kibera, palipobomolewa pana lami.